Ratiba ya Mgeni wa Siku Moja

Saa tatu na nusu, njia panda ya Marangu.
Nimeshika kibao, jina nimeliandika kwa kalamu nene:
HIRAMAYA. Akashuka mwanamke wa makamo, peke yake,
viatu vimelika kisigino upande mmoja kama vyangu.
Hapo ndipo ningeshtuka.

"Karibu. Naitwa Ndeshimona, binti Aikaeli.
Leo tuna maporomoko, pango, wahunzi, kahawa,
na mlima, Mungu akipenda."
Mlima umejifunika gubigubi tangu Jumapili.
Wageni wengine hunidai mlima kama wanaodai chenji.
Yeye akasema, "Uache ulale. Kwetu ninayo mingi,
bonde letu limezungukwa."

Kwenye maporomoko nikatoa hadithi ya binti na chui,
nikanyamaza pale ninaponyamaza siku zote,
nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu,
"Na chui bado yupo!"
Hakuruka.
Alinitazama kama mtu aliyesikia redio ya kwao
ikikoroma ugenini.
"Na mimi hunyamaza hivyo," akasema,
"mlangoni mwa hekalu, saa nne asubuhi,
kila siku isipokuwa Jumanne.
Lakini mimi nahesabu mpaka nne. Jaribu nne."

Kumbe.
Kinyozi hajinyoi, haya basi,
leo nimekaa kitini mbele ya kinyozi mwenzangu.

Wahunzi tuliwakuta wamekwenda msibani,
mivukuto imelala, jivu bado vuguvugu.
Akaligusa. Akasema limetosha.

Pangoni nikawasha tochi:
"Humu walijificha watu mia mbili, na ng'ombe wao."
"Mia mbili?"
Giza la pango halina adabu, linakuuliza tena.
Nikakiri. Bibi yangu alisema tu *wengi*.
Mia mbili nimeipachika mimi,
maana mgeni hupenda namba ya kuandika daftarini.
Akacheka mpaka tone la maji likamwingia shingoni.
"Hekalu langu nililiongezea miaka kila mwaka,
mpaka ardhi ikatikisika, likaanguka na umri wake wote.
Sasa nanyoosha kidole hewani:
hapa palikuwa na paa tatu, moja juu ya nyingine.
Nao wanapiga picha. Wanaipiga picha hewa."

Kahawa siku nyingine huitwanga kwa wimbo,
wageni wakipiga makofi nje ya mdundo.
Jana tulitwanga kimya, mchi kwa mchi.
Mkono wake ulikuwa umekoboa mpunga tangu utotoni,
hapakuwa na cha kumfundisha.
Ungesikia mfongo ukipita nyuma ya migomba.

Akaufuata ule mlio. Mimi nyuma yake,
nusu nikitaka kumwita arudi,
maana huko hakumo kwenye ratiba.
Huko ni kihambani kwetu, na kaburi la mama,
na masale yaliyolizunguka, mabichi, hayajapogolewa.
"Majani gani haya?"
Hilo nalijua, hilo naweza kulisema usingizini:
"Sale. Ukimkosea mtu unampelekea jani,
umelifunga fundo. Akishalipokea
hana budi kusamehe."
"Na kama umemkosea aliyekwisha kufa?"

Moja.
Mbili.
Tatu.
Nne.

Hakuna sentensi iliyokuja.
Yeye naye hakuniletea ya kwake.
Akainama, akaokota kikonyo kikavu cha ndizi
kilichokuwa kimeangukia kaburini,
akakiweka pembeni, taratibu,
kama anavyoondoa uchafu mtu aliye kwao.

Njia panda akaomba risiti, ofisini kwao wanaitaka.
Nikaandika: maporomoko, pango, kahawa.
Wahunzi nikawakata, hatukuwaona.
Mstari wa chini yake nikauacha wazi.

Leo wamekuja Waholanzi kumi na wawili.
Mlima bado haujaamka, wananung'unika.
Kwenye maporomoko nimehesabu mpaka nne.
Wameruka wote.